Kuiweka Dar es Salaam kichwani: mwongozo kamili kwa dereva wa bodaboda, bajaji na teksi

Dereva anaweza kubeba abiria Dar miaka mitano mfululizo, halafu simu ikizima chaji Segerea asijue pa kutokea. Wengi hudhani ni kumbukumbu mbovu. Sivyo. Miaka yote hiyo simu ndiyo iliyokuwa ikichagua njia, yeye akitii tu: kushoto, kulia, umefika.

Ushahidi mzuri wa jambo hili unatoka London. Mwaka 2006 watafiti waliwalinganisha madereva wa teksi wa mji huo na madereva wa mabasi yake, watu wenye miaka inayolingana kwenye usukani, mji ule ule, foleni zile zile. Wa teksi walionekana na sehemu kubwa zaidi ya nyuma ya hipokampasi, kipande cha ubongo kinachoshughulika na kumbukumbu za mahali, na walizijua alama za mji na uhusiano wake vizuri zaidi. Wa mabasi, wanaofuata ruti moja kila siku, hawakuwa na ukuaji huo. Kwa hiyo usitegemee kwamba kuendesha sana kutakufundisha mji. Utaujua kwa kuchagua njia mwenyewe na kuivuta kutoka kichwani.

Mwongozo huu umechota kwenye mazoezi ya wanaotafuta leseni ya teksi London, ambao hutakiwa kujua njia 320 za msingi na mitaa kama 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross. Wengi huchukua miaka mitatu hadi minne. Hapa tunakupa kazi ya miezi mitatu: mifupa ya mji na njia 40. Aliye Mombasa aweke Nyali, Makupa na Likoni mahali pa majina yetu. Wa Nairobi ana Thika Road, Waiyaki Way na Jogoo Road. Hatua ni zile zile.

## Vitu vya kuwa navyo

- Ramani ya mji iliyochapishwa, ukubwa wa A3. Stesheneri yoyote itakuchapia kutoka kwenye simu. Hakikisha majina ya barabara yanasomeka.
- Karatasi nyeupe za A4, hata 50. Utachora na kuchora tena.
- Daftari dogo linaloingia mfukoni, penseli, na kalamu nyekundu ya kusahihishia.
- Uzi mwembamba wa rangi, kama sentimita 50.
- Simu yenye ramani iliyopakuliwa, ili ifanye kazi bila bando.
- Mwenza mmoja, ikiwezekana wa kijiwe kimoja. Hatua ya tano haifanyiki vizuri peke yako.
- Dakika 30 kila siku, na saa mbili za Jumapili asubuhi.

Ukikosa kimoja, usikose mwenza.

## Hatua ya 1: Chora mifupa ya mji (siku tatu za kwanza)

Chukua karatasi nyeupe. Juu ni kaskazini. Upande wa kulia chora ufukwe, maana bahari iko mashariki, kisha weka alama ya Posta karibu nao.

Kutoka eneo la katikati chora barabara kuu nne zinazofunguka kuelekea bara. Ali Hassan Mwinyi inapanda kaskazini-magharibi hadi Morocco, na mbele inaendelea kama Bagamoyo mpya kupitia Mwenge. Morogoro inaelekea magharibi. Nyerere inakwenda kusini-magharibi kupita uwanja wa ndege. Kilwa inashuka kusini kwenda Mbagala. Ongeza Uhuru, fupi kuliko hizo, inayotoka Mnazi Mmoja hadi Buguruni.

Sasa chora mbili zinazozikata:

- Kawawa, ya ndani. Inakutana na Ali Hassan Mwinyi pale Morocco, na Morogoro pale Magomeni, na Uhuru pale Ilala jirani na soko la Karume, na Nyerere upande wa Chang'ombe.
- Sam Nujoma ikiunganika na Mandela, ya nje. Inaanzia Mwenge, inakutana na Morogoro pale Ubungo, na Uhuru pale Buguruni, na Nyerere pale TAZARA, na Kilwa pale Uhasibu.

Makutano tisa. Hayo ndiyo unayoyashika kwanza, kabla ya mtaa wowote.

Kwa nini: kumbukumbu ya bingwa haizidi ya mwanafunzi kwa kila kitu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji wa sataranji ubao kwa sekunde tano. Kete zikiwa zimekaa kama kwenye mchezo halisi, bingwa alizirudisha nyingi kuliko anayeanza, tena kwa mbali. Zilipotupwa ovyo, ubora wake ulikaribia kutoweka. Bingwa anaona mpangilio anaoujua, na kila kete inapata pa kukaa. Mtaa mpya nao unahitaji pa kukaa: "uko kati ya Kawawa na Mandela, kaskazini ya Morogoro" ni anwani ambayo kichwa kinaweza kuihifadhi. "Kule ndani ndani baada ya duka" haihifadhiki.

Angalia: mkono wako utataka kunyoosha kila kitu. Watu hukumbuka makutano kama pembe mraba hata pale barabara zinapokutana kwa mshazari, na barabara zinazoachana kidogo kidogo huzichora kana kwamba zinakwenda sambamba. Kosa la kawaida Dar ni Nyerere na Kilwa. Zote zinaanzia upande wa Gerezani, zikiwa karibu, lakini zikifika Mandela zimeshaachana kilomita kadhaa. Ukizichora sambamba, Temeke nzima itakosa nafasi kwenye karatasi yako.

Umefaulu ukiweza: kuchora mifupa kwa dakika kumi bila kuangalia, makutano yote tisa yakiwa kwenye mpangilio sahihi. Uzuri wa mchoro hauna maana yoyote hapa.

## Hatua ya 2: Weka vizuizi na vivuko

Juu ya mifupa chora, kwa rangi nyingine, vitu vinavyoukata mji: bonde la Msimbazi, reli, na mkono wa bahari unaotenganisha Kigamboni.

Halafu weka alama kila mahali panapovukika. Msimbazi unavukwa Selander na daraja la Tanzanite karibu na bahari, Jangwani kwenye Morogoro, upande wa Kigogo kwenye Kawawa, na huko juu kwenye Mandela. Kigamboni unafika kwa pantoni ya Magogoni au kwa daraja la Kurasini. Kwa reli, hesabu mwenyewe sehemu za kuvukia katika eneo lako la kazi, kwa kuzipita.

Hapa ndipo dereva mgeni anapokwama mara nyingi. Ramani inamwonyesha kwamba anakokwenda ni pua na mdomo, anaingia mtaani kwa kujiamini, anakuta bonde au ukuta wa reli, anarudi nyuma huku abiria akiangalia saa. Jangwani kukifurika, nusu ya mji huzunguka. Aliyevijua vivuko huamua Magomeni kama atashika Kawawa kwenda kushoto au kulia. Wengine huamua wakiwa tayari ndani ya foleni.

Umefaulu ukiweza: kutajiwa sehemu mbili zozote, na papo hapo ukasema ni kivuko kipi kiko kati yake na kipi cha akiba.

## Hatua ya 3: Chagua njia 40 na uvute uzi

Andika njia 40, kila moja yenye mwanzo na mwisho. Kumi na tano zianzie kwenye kijiwe chako, maana ndizo zitakazolipa petroli. Zilizobaki zichanganye, zisiwe zote za kwenda Kariakoo au Posta. Weka za pembeni kwa pembeni: Tegeta hadi Tabata, Mbagala hadi Ubungo, Kimara hadi Uwanja wa Ndege. Njia za pembeni ndizo zinazofundisha mji, kwa sababu zinakulazimisha kukatiza kati ya barabara kuu.

Kwa kila njia, nyoosha uzi kwenye ramani kutoka mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wa London hufanya hivyo hivyo. Uzi unaonyesha mstari ulionyooka. Kazi yako ni kutafuta barabara zilizo karibu nao kadiri inavyowezekana, kisha ujieleze kwa nini umeuacha pale ulipouacha: bonde, njia ya upande mmoja, matuta mengi, vumbi.

Andika njia daftarini kabla ya kuiangalia kwenye simu. Mpangilio huu usiugeuze. Ukianza na simu, unasoma tu. Ukianza na uzi, unachagua, na kosa ulilolifanya mwenyewe na kulisahihisha ndilo linalokaa.

## Hatua ya 4: Ipite njia, kwenda na kurudi

Toka Jumapili saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya foleni. Njia mbili kwa siku zinatosha. Sauti ya simu izimwe, simu iwe mfukoni.

1. Mwanzoni, simama. Zunguka eneo la mita 400 kila upande, na uandike vitu ambavyo abiria huvitaja: zahanati, kituo cha polisi, msikiti, kanisa, shule, ofisi ya serikali ya mtaa, sheli, ukumbi wa harusi, baa. Vitu vinane hadi kumi na viwili kwa eneo moja. Kipimo hiki nacho ni cha London, robo maili.
2. Endesha. Kila unapokata kona, egesha pembeni na uandike alama moja iliyo *pale kwenye kona*. Alama iliyo katikati ya barabara iliyonyooka haikusaidii kuamua chochote.
3. Mwishoni, zunguka mita 400 tena.
4. Rudi kwa njia ile ile, na uandike upya.

Kurudi huko kwa namba 4 wengi hukuruka, na ndiko kunakowaangusha. Kona uliyoijua ukitoka kaskazini ina sura nyingine kabisa ukitoka kusini: ghorofa lililokuwa mbele yako sasa liko nyuma ya mgongo, na mti uliokuwa ukiuona haupo tena machoni. Kugeuza "kulia" kuwa "kushoto" kichwani hakutoshi.

Onyo: usiandike wala kuangalia ramani chombo kikiwa kwenye mwendo. Na usijifunzie kwenye njia ya mwendokasi hata kama ni tupu alfajiri. Faini hiyo haimo kwenye bajeti ya mazoezi.

## Hatua ya 5: Itamke njia bila kuangalia chochote

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote, na haina gharama. Keti na mwenza wako kijiweni wakati wa kusubiri abiria. Yeye anataja mwanzo na mwisho, wewe unaitamka njia nzima kwa sauti, yeye akifuatilia kwenye daftari. Kwa mfano, Kariakoo hadi Mwenge:

*Toka Mtaa wa Msimbazi elekea Fire. Kushoto, shika Morogoro. Vuka Jangwani. Magomeni, kata kulia, shika Kawawa. Pita Mkwajuni, pita Mwanamboka. Morocco, kata kushoto, shika Bagamoyo mpya. Pita Makumbusho. Nyoosha hadi Mwenge.*

Masharti ni matatu. Kila tamko liwe na jina la barabara, siyo "ile ya pale". Kila kona iwe na alama yake. Na ukikwama, usisaidiwe hadi utafute walau nusu dakika. Kule kutafuta ndiko kunakokaza kumbukumbu. Mwenza anayekimbilia kukudokeza anakuharibia.

Rudia njia mpya kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Kuitamka mara kumi kwa siku moja kunakupa furaha ya kujua, halafu Ijumaa imeshapotea.

Njia ukiikosa, chora alama nyekundu mahali ulipokwama. Baada ya wiki mbili fungua daftari uone alama nyekundu zimekusanyika wapi. Mara nyingi ni sehemu zile zile mbili au tatu za mji, na mara nyingi sababu ni mifupa iliyopinda ya Hatua ya 1. Rudi ukachore upya kipande hicho badala ya kukariri njia zake zote moja moja.

Umefaulu ukiweza: kutamka njia kwa dakika moja, kwenda na kurudi, wiki moja baada ya kuipita.

## Hatua ya 6: Vunja njia na uziunganishe

Njia zikifika kumi na tano, anza kuzichafua. Mwenza anasema: "Magomeni pamefungwa." Au: "Abiria amebadili mawazo, anataka kupitia Ilala hospitali." Utamke njia mpya kuanzia ulipo.

Mwanzoni utarudi nyuma hadi makutano makubwa na kuanza upya. Ni kawaida. Baada ya wiki kadhaa utaanza kuona kwamba Njia ya 4 na Njia ya 11 zinapitana jirani mno, na kwamba kuna mtaa mmoja unaoziunganisha. Hapo orodha ya njia inaanza kugeuka ramani. Ukifika hatua hii, mtaa mpya unaoonyeshwa mara moja tu hukaa, jambo ambalo mwezi wa kwanza lilikuwa haliwezekani.

Ongeza zoezi la kuonyesha kidole. Umesimama popote, nyoosha mkono kuelekea Ubungo, TAZARA, Morocco. Kisha kagua kwenye simu. Fikiria uso wa saa ya ukutani: kosa likiwa ndani ya saa moja, uko vizuri. Likizidi saa mbili, umejipoteza mwelekeo, na huenda kuna barabara inayopinda ambayo wewe umeinyoosha.

Jua litakusaidia, lakini lijue. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Novemba hadi Februari liko kusini. Anayedhani jua la adhuhuri liko upande mmoja mwaka mzima atageuza mji miguu juu. Pia usilitumie utosini penyewe. Subiri kivuli kiwe na urefu.

## Hatua ya 7: Ingia uswahilini

Manzese, Tandale, Vingunguti, Mbagala ndani: hapa mitaa inapinda, inabanana na kuishia ukutani. Operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ilileta vibao vya majina na namba za nyumba, na pale vilipo vitumie, viingize daftarini. Abiria hata hivyo bado atakuelekeza kwa alama.

Usijaribu kukariri vichochoro vyote. Tafuta kwanza *milango* ya mtaa: sehemu ambazo chombo kinaweza kuingia kutoka lami. Mtaa mkubwa unaweza kuwa na mitatu au minne tu. Kisha tafuta mgongo mmoja unaokatiza kutoka mlango hadi mlango. Vichochoro vyote viandike kama matawi ya mgongo huo.

Chagua alama zisizohama. Msikiti, kanisa, mnara wa simu, shule na mtaro mkubwa havihami. Genge linahama. Rangi ya duka hubadilishwa na kampuni ya simu ikifika na ndoo zake, na baa inayowaka taa usiku haionekani mchana. Kila kona ipe alama mbili, moja ya mchana na moja ya usiku.

Angalia: mvua. Njia ya vumbi inayopitika Januari inaweza kuwa dimbwi Aprili. Ziwekee alama ya M daftarini, na kila moja iwe na mbadala.

## Simu itumike vipi

Huna haja ya kuitupa. Utafiti wa Louisa Dahmani na Véronique Bohbot wa mwaka 2020 uliona kwamba waliotegemea zaidi vifaa vya kuelekeza njia walikuwa dhaifu zaidi walipotakiwa kujielekeza wenyewe. Kati ya waliopimwa tena baada ya miaka mitatu, waliotumia sana walikuwa wameshuka zaidi. Simu hutafuta anwani ngeni na kuonyesha foleni vizuri kuliko mtu yeyote, na kwa hayo itumie.

Oda ikiingia, amua njia yako kwanza, sekunde kumi. Kisha angalia ya simu. Zikilingana, izime uende. Zikitofautiana, tafuta sababu moja ya tofauti kabla ya kuwasha injini, halafu uchague. Baada ya safari angalia tena mstari uliopita.

## Mtihani wa mwezi wa tatu na matunzo

Mwenza achague njia kumi kati ya 40 bila mpangilio, pamoja na tano ambazo hujawahi kuziandika lakini zinapita maeneo unayoyajua. Katika zile kumi, tamka tisa bila kosa la kona. Katika zile tano, tatu zikipatikana ni vizuri, na hizo tano zina uzito kuliko zile kumi.

Ukishindwa kwenye zile kumi, tatizo ni marudio: rudi kwenye ratiba ya Hatua ya 5. Ukifaulu kumi na kuanguka tano, umekariri nyimbo. Rudi Hatua ya 6 na uache kuongeza njia mpya kwa wiki mbili.

Usitegemee kwamba kumbukumbu yako yote itanolewa kwa kazi hii. Madereva wa teksi wa London waliopimwa walionekana dhaifu kidogo kuliko wengine katika kukumbuka mchoro mpya waliouona muda mfupi uliopita. Majina ya wateja, madeni ya kijiweni na tarehe ya kulipia bima endelea kuviandika.

Baada ya hapo, njia tano za zamani kwa wiki zinatosha kuushikilia mji, kila moja ikitamkwa kwenda na kurudi. Barabara ikibadilishwa, kama ilivyokuwa TAZARA mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021 madaraja ya juu yalipofunguliwa, chora makutano hayo peke yake kwenye karatasi nzima, kila njia ya kuingia na kutoka, kabla ya kuyapita na abiria.